Tuulize: i7 ya jana au i5 iliyoifuata?

Barua za safari hii karibu zote zina umbo moja: laptopu mbili, prosesa mbili (prosesa ndiyo ubongo wa laptopu), pesa hazitoshi kukosea. Tumechagua sita. Majina ya walioandika tumeyaacha, lakini mahali wanapoishi tumepataja, maana laptopu ya Nairobi na laptopu ya kando ya bahari hazizeeki namna moja.

Assalaam aleikum. Niko Malindi, mtaa wa Maweni. Muuzaji wa laptopu za ex-UK (zilizotumika Uingereza) ananipa mbili nichague: HP EliteBook 840 G4 yenye Core i7-7600U kwa Sh 29,000, na 840 G5 yenye Core i5-8350U kwa Sh 32,000. Zote RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, SSD (hifadhi ya faili) GB 256. Asema i7 ni kubwa kuliko i5, tena hiyo i7 yaanzia kasi ya GHz 2.8 na i5 yaanzia 1.7 tu. Kazi zangu ni hesabu za duka kwa Excel, mtandao, na vikao vya Zoom. Nichukue ipi?

Wa aleikum salaam. Ongeza hizo elfu tatu uchukue i5.

Muuzaji hakukudanganya tarakimu. Amekusomea zile zinazomfaa yeye. Hiyo i7-7600U ni kizazi cha 7, imetoka mwanzoni mwa 2017. Ina kori 2 (ndizo zinazofanya kazi ndani ya prosesa), nyuzi 4 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja) na kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, ya MB 4. Hiyo i5-8350U ni kizazi cha 8, ya mwaka huo huo ila nusu ya pili, nayo ina kori 4, nyuzi 8 na kache ya MB 6. Zote mbili zimepangiwa wati 15, zote zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14, na muundo wa kori zenyewe haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Kori moja ya hii na kori moja ya ile, zikienda GHz sawa, zinafanya kazi sawa. Kilichobadilika ni kwamba Intel waliacha kori mbili katika daraja hilo wakaweka nne.

Sasa hiyo 1.7 inayokutisha. Wati 15 zile zile zinagawiwa kori nne badala ya mbili, basi kasi ambayo kampuni inaahidi kori zote zikifanya kazi kwa pamoja lazima ishuke. Si kasi utakayoiona ukiwa unafanya kazi. i5 hiyo hupanda hadi GHz 3.6 kori moja inapohitajika, na i7 hupanda hadi 3.9. Hapo i7 iko mbele kwa asilimia 8 hivi, na ni haki yake. Asilimia 8 kwenye Excel ya duka huioni kwa macho. Utakachokiona ni Zoom ikiwa wazi, Chrome ina kurasa kumi, na Windows imeamua saa hiyo hiyo kukagua virusi: kori mbili hujaa, sauti inakatikakatika, na wewe unalaumu bando.

Upande wa picha, yaani sehemu ya prosesa inayochora kwenye kioo, hakuna cha kuchagua. HD 620 ya i7 na UHD 620 ya i5 ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Lakini hata kama zingekuwa sawa kwa kasi, kuna jambo linalomaliza shauri. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ule mwaka mmoja wa nyongeza ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani unaishia Oktoba 2026. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kizazi cha 7, isipokuwa prosesa chache sana, kimeachwa nje. Zipo njia za kuipachika Windows 11 kwa nguvu kwenye G4, na mafundi wengi watakufanyia, ila Microsoft hawaahidi kwamba masasisho yataendelea kufika huko. Laptopu yenye hesabu za duka na inayoingia benki si ya kubahatisha hivyo. Ndiyo maana tunashuku kwamba i7 za kizazi cha 6 na cha 7 zitazidi kusukumwa sokoni kwa maneno matamu: ofisi za Ulaya zinaziondoa kwa sababu hiyo hiyo. Muuzaji akishuka hadi Sh 18,000 na wewe uko tayari kutumia Linux Mint, hayo ni mazungumzo mengine.

Kabla ya kutoa pesa, kaa na hiyo G5 nusu saa dukani. Usione haya, laptopu za ofisi zina mitego yake.

Kwanza izime, iwashe huku ukigonga F10 uingie kwenye BIOS (mipangilio ya laptopu inayotangulia Windows). Kwa Lenovo ni F1, kwa Dell ni F2. Soma jina la prosesa pale, si kwenye stika. Stika ya i7 hubanduliwa ikabandikwa popote, na hata jina linaloonyeshwa ndani ya Windows mjanja anaweza kulibadilisha. BIOS ikidai nenosiri ambalo muuzaji hanalo, iache hapo hapo mezani: siku utakapotaka kubadilisha chochote humo ndani hutaweza, na kuliondoa ni kazi ya kuchezea chipu kwenye bodi.

Pili, mwambie aianzishe Windows upya kabisa mbele yako ikiwa imeunganishwa na mtandao. Ikiinuka na kudai barua pepe ya kampuni fulani ya kigeni, maana yake bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza, na kila ukiifuta itarudi kudai.

Tatu, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotengenezwa. Linganisha mstari wa Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na wa Full Charge Capacity (inachoshika sasa). Betri ya G5 ikiwa mpya ni mWh 50,000 hivi. Ikiwa sasa inashika chini ya 35,000, toa bei ya betri kwenye bei ya laptopu.

Nne, ipe mzigo. Programu ya 7-Zip ni ndogo na ya bure. Ndani yake, kwenye Tools, kuna Benchmark. Iache izunguke dakika 10, huku umebonyeza Ctrl+Shift+Esc ukaenda Performance, kisha CPU. Hapo utasoma Cores 4 na Logical processors 8. Mwanzoni kasi itaruka juu ya GHz 3, kisha baada ya nusu dakika hivi itashuka. Usishtuke, ruhusa ya kutumia umeme mwingi kwa muda mfupi imekwisha. Mahali inapotulia ndipo pa kuangalia. Ikitulia juu ya 2, njema. Ikiteremka chini ya ile 1.7 na feni inalia kama jenereta, mfumo wa kupoza umeziba au pesti, ile dawa ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa, imekauka. Hilo linatengenezeka, ila liingie kwenye bei.

Mwisho, uliza hiyo RAM GB 8 ni kipande kimoja au viwili. 840 G5 ina nafasi mbili za RAM ya aina ya DDR4. Ikiwa kimoja, siku moja utaongeza GB 8 nyingine na kupata 16 zinazosomwa kwa njia mbili kwa pamoja. Kwa matumizi yako hiyo itakufaa kuliko i7 yoyote ya umri huo.

Niko Watamu. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 5625U, laptopu mpya zote, bei sawa. Si 7520 ndiyo mpya na yenye nguvu zaidi?

Mpya ndiyo. Yenye nguvu, hasha.

AMD walibadilisha namna ya kuandika namba zao. Katika mfululizo wa 7000 wa laptopu, tarakimu ya kwanza ni mwaka wa toleo, na ya tatu ndiyo inayosema kori ni za muundo gani. 7520U ina 2 mahali pa tatu: ni Zen 2, muundo uliotoka 2019. Kori 4, nyuzi 8, kache ya L3 MB 4 tu, na sehemu ya picha ni ndogo sana. 5625U ni Zen 3: kori 6, nyuzi 12, kache MB 16, na picha yake ina nguvu zaidi kwa mbali. Isitoshe, RAM ya laptopu za 7520U imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo ukinunua ya GB 8 utazikwa nayo.

Chukua 5625U. Ukitaka kwa lazima namba inayoanza na 7, tafuta 7530U, ambayo ni jamaa wa karibu wa hiyo hiyo 5625U.

Napiga video za harusi hapa Malindi. Kamera yangu inarekodi 4K, H.265, biti 10, 4:2:2. Nahariri kwa Premiere Pro. Nimebakiwa na laptopu mbili: moja Core i5-1135G7, nyingine Ryzen 5 5500U. Zote RAM GB 8. Nimeona mtandaoni wote wasema Ryzen ni bora kwa video kwa sababu ya kori sita. Ni kweli?

Ni kweli kwa watu wengi, na si kweli kwa kamera yako.

Tuanze na wanachosema wengi. Ryzen 5 5500U, ya 2021, ina kori 6 na nyuzi 12, hadi GHz 4.0, wati 15. Core i5-1135G7, ya 2020, ina kori 4 na nyuzi 8, hadi GHz 4.2. Kazi ya kori moja, i5 yatangulia kama asilimia kumi. Kazi ya kori zote, Ryzen humwacha mwenzake kwa theluthi au zaidi, hasa pale mtengenezaji wa laptopu alipoibana i5 kwenye wati 15. Na hili wengi hawalijui: prosesa hii ya Intel, mtengenezaji ana ruhusa ya kuipangia kati ya wati 12 na 28. Laptopu mbili zenye i5-1135G7 zaweza kutofautiana kama prosesa mbili mbalimbali. Nyembamba sana, yenye feni moja ndogo, ndiyo iliyobanwa.

Sasa kamera yako. H.265 ni njia ya kugandamiza video, na 4:2:2 huhifadhi habari nyingi za rangi kuliko 4:2:0. Kila unapobonyeza kucheza kwenye Premiere, kuna anayefungua mgandamizo wa H.265. Akiwa ni kipande maalumu ndani ya sehemu ya picha, prosesa inapumzika. Akikosekana, kori zinafanya kazi hiyo kwa nguvu zake zenyewe. Iris Xe, sehemu ya picha iliyo ndani ya i5-1135G7, inafungua H.265 ya biti 10 ya 4:2:2. Vega, sehemu ya picha iliyo ndani ya 5500U, inafungua H.265 ya biti 10, lakini ya 4:2:0 tu. Ukiiletea 4:2:2 inaitupia prosesa, na kori sita za wati 15 hazitoshi 4K ya namna hiyo. Bibi harusi anaingia ukumbini, picha inaganda, sauti inaendelea.

Kwa hiyo kwako ni i5, kwa masharti mawili. La kwanza ni RAM: GB 8 kwa 4K ni kujitesa, weka 16, tena vipande viwili. Iris Xe haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya laptopu, na ikikuta kipande kimoja inapungua nguvu kiasi kwamba hata Windows itaiandika UHD badala ya Iris Xe. Ukiona neno UHD kwenye Task Manager ya i5-1135G7 dukani, umeshajua kilichomo ndani bila kufungua skrubu. Sharti la pili ni kuingia kwenye Preferences za Premiere, sehemu ya Media, uhakikishe ufunguaji kwa kutumia Intel umewekewa alama, kisha uifunge programu na kuifungua tena.

Kama Ryzen tayari umeilipia, usiirudishe kwa hasara. Una njia mbili. Ya kwanza, kamera nyingi zinaweza kurekodi 4:2:0, na kwa harusi isiyorekebishwa rangi sana mteja hataona tofauti. Ya pili ni kutengeneza nakala nyepesi za kuhariria. ProRes Proxy ya 1080p kwa fremu 25 hula Mbps 38 hivi, yaani GB 17 kwa kila saa moja ya video. Harusi ya saa sita za kamera mbili ni zaidi ya GB 200 za nakala peke yake. Nunua diski ya nje ya SSD kabla hujaanza, na uiache laptopu itengeneze nakala usiku.

Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Binti yangu aingia Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Dukani kuna laptopu mpya ndani ya boksi, Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi GB 64, Sh 27,000 na garantii ya mwaka. Mjomba wake ameona Mombasa ThinkPad T480 iliyotumika, Core i5-8250U, RAM GB 8, SSD GB 256, Sh 33,000. Moyo wangu uko kwa mpya.

Shikamoo mama. Tunaelewa raha ya boksi lisilofunguliwa, ila hii boksi lake ndilo zuri kuliko kilichomo.

N4020 ina kori 2 na nyuzi 2, basi. Inaweza kuandika barua na kucheza video. Kinachoiua si prosesa peke yake, ni jirani zake. RAM ya GB 4 kwa kawaida imechomelewa, haiongezeki, na Windows 11 ikishainuka tu imekula zaidi ya nusu. Hifadhi ya GB 64 katika laptopu hizi ni eMMC, si SSD: ni ya polepole, na Windows pamoja na masasisho yake ikishakaa, binti atabaki na nafasi ya kuhesabu kwa vidole. Kabla ya mwaka wa kwanza kwisha ataanza kupata ujumbe kwamba sasisho limeshindikana kwa kukosa nafasi. Garantii hailipi hilo, kwa sababu si ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa.

i5-8250U ni ya 2017 lakini ina kori 4 na nyuzi 8, inakubaliwa na Windows 11, na T480 ina nafasi mbili za RAM na SSD inayobadilishika. Itamfikisha mwisho wa shahada. Mjomba aangalie mambo haya: T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma inayochomoka, na ripoti ya betri itaonyesha zote mbili kila moja peke yake, ajaribu herufi zote za kibodi, na muuzaji aandike kwenye risiti garantii anayotoa, hata kama ni ya miezi mitatu. Ajaribu kila kitu huko huko Mombasa. Ikishavuka Mokowe, kuirudisha ni nauli ya basi na siku mbili za mtu. Na kwenye boti isikae kwenye begi la kitambaa pekee: mfuko wa nailoni usiopitisha maji, ufungwe, ndipo begi.

Nafungua saiba ndogo Kizingitini: huduma za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), iTax (ya kodi), na kuchapisha. Umeme ni wa sola, betri moja ya asidi ya volti 12, Ah 100, na inveta ya wati 500. Nataka laptopu mbili. N100 ni wati 6, i5-8350U ni wati 15. Kwa hesabu yangu N100 itanipa zaidi ya mara mbili ya saa. Nimekosea wapi?

Umeisoma ile namba ya wati kama matumizi, na si matumizi. Ni kiasi cha joto ambacho mtengenezaji wa laptopu ameambiwa awe tayari kukiondoa prosesa ikifanya kazi nzito mfululizo. Mtu anayejaza fomu ya eCitizen haifikishi prosesa huko. Muda mwingi prosesa zote mbili zinasinzia kwenye wati moja au mbili, na mlaji mkubwa anakuwa kioo. Laptopu nzima ya N100 katika kazi hiyo itakula wati 6 hadi 10. Ya i5-8350U wati 7 hadi 12. Tofauti ipo, lakini si mara mbili.

Tufanye hesabu kwa kujibana, tuseme kila moja inakula 15 pamoja na hasara za chaja. Betri yako ni Wh 1,200. Ya asidi usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae, basi una 600. Inveta itakula kama asilimia 15, zinabaki 510. Laptopu mbili, wati 30, ni saa 17. Kwa kompyuta ya mezani ya zamani na kioo chake, zinazokula 90 pamoja, ungepata saa tano na dakika 40. Hapo ndipo ulipookoa umeme, siyo kwenye kuchagua kati ya hizi mbili.

N100 yenyewe si mbaya. Imetoka 2023, kori 4, nyuzi 4, hadi GHz 3.4, na kwa kazi ya kori moja inakaribiana na i5 za kizazi cha 8. Usiilinganishe na Celeron ya mama wa Langoni. Udhaifu wake ni RAM kusomwa kwa njia moja tu, na kwamba laptopu nyingi za bei rahisi zilizowekewa N100 zina bawaba na kibodi za plastiki laini. Saiba ni mikono ya watu. Sisi tungechukua i5 za ofisi, kwa sababu ya mwili na vipuri vyake, si kwa sababu ya kasi.

Kuna faida nyingine kwako: 840 G5 na T480 zinachajiwa kwa USB-C. Tafuta chaja ya gari ya USB-C yenye PD (mfumo wa kuchaji laptopu kwa USB-C) ya wati 65, uifunge moja kwa moja kwenye volti 12 kupitia fyuzi. Inveta itabaki imezimwa mpaka mtu atakapotaka kuchapisha.

Na hapo kwenye kuchapisha ndipo tunapokuhofia. Printa ya leza inapopasha moto rola yake huvuta ghafla mamia ya wati, nyingine hupita 800. Inveta yako ya 500 itazima, na ikizima itaangusha kila kilichofungwa kwake. Nunua printa ya wino ya matangi. Ikichapisha inakula wati 20 au pungufu.

Nafundisha Shela, Lamu. Nina Dell Latitude 7490 yenye i7-8650U. Mwenzangu ana 7490 hiyo hiyo yenye i5-8350U. Faili moja la matokeo ya wanafunzi, yake inamaliza hesabu yangu ikiwa bado inazunguka. Nililipa zaidi kwa i7. Nimeibiwa?

Pengine hujaibiwa, Mwalimu, ila ulichokilipia hukipati.

Prosesa hizi mbili zina kori 4 na nyuzi 8 kila moja. i7 yako inapanda hadi GHz 4.2 na ina kache MB 8. I5 inafika 3.6 na MB 6. Kwa kuwa zote zimefungiwa wati 15 ndani ya mwili ule ule mwembamba, katika kazi ndefu i7 haiwezi kutangulia kwa zaidi ya hatua chache. Hiyo ndiyo sababu hatumshauri mtu kuongeza pesa nyingi kwa i7 ya herufi U (ya laptopu nyembamba zinazobana umeme). Lakini kuachwa nyuma na i5 ni ugonjwa, na kwa Dell dawa huanzia kwenye chaja.

Fungua Task Manager wakati wa kazi, usome Speed. Ikiwa imekwama kwenye GHz 0.78 hivi au chini, prosesa imefungwa makusudi. Pini nyembamba iliyo katikati ya kichwa cha chaja ya Dell hupeleka habari ya chaja kwa laptopu. Chaja ikiwa ya kuigiza, au pini ikipinda, laptopu haiitambui. Inaacha kuchaji betri na kuibana prosesa isizidishe mzigo. Chomoa chaja: kasi ikirudi, umempata mwizi. Thibitisha kwa chaja nzuri ya USB-C ya wati 65, maana 7490 inaipokea pia.

Kasi ikiwa inaanza 3 na kitu kisha inashuka chini ya 1.9, hilo ni joto. Zima kabisa, chomoa chaja, geuza, legeza skrubu za kifuniko cha chini. Skrubu zenyewe hubaki kwenye kifuniko, usizivute. Kabla ya kugusa chochote chomoa waya wa betri kwenye bodi. Angalia mapezi ya shaba mdomoni pa feni. Katika nyumba za mawe za Lamu utakuta utando wa kijivu: vumbi la chokaa la kuta limeshikana na unyevu wa chumvi, na halitoki kwa kupuliziwa nje tu. Shika feni kwa kidole isizunguke, lisugue kwa brashi laini, kisha pulizia kutoka upande wa mapezi kurudi ndani ya feni. Shaba ikiwa imeota kijani kibichi, chumvi imeshaanza kula, isafishe sasa.

Pesti ndiyo kazi ya mwisho. Legeza skrubu za bomba la shaba kidogo kidogo kwa kupokezana, inua, futa pesti kuukuu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Sabuni hapana, petroli hapana, na dawa ya meno ambayo baadhi ya mafundi huisifu hukauka baada ya wiki chache. Utaona vipande viwili vinavyong'aa: kikubwa ni prosesa, kidogo ni mwenzake wa kusimamia milango na diski. Weka kwenye kikubwa pesti ya kadiri ya punje ya mchele. Kwenye kidogo weka tu ikiwa kulikuwa na kitu tangu mwanzo. Rudisha bomba, kaza skrubu kwa mpangilio wa namba zilizochapwa kando yake, kila moja nusu kwanza, kisha zote mpaka mwisho. Rudisha waya wa betri kabla ya kifuniko. Iwashe kwa chaja, na usishangae ikichukua muda kuonyesha picha mara ya kwanza au ikikuuliza tarehe na saa.